Likoni isingoje mtaro wa nyaya

Mhariri,

Naandika kuhusu intaneti ya kasi ng'ambo ya feri, upande wa Likoni ukitoka kisiwa cha Mombasa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika ufuoni hapa Mombasa mwaka 2009, ilhali Likoni na Mtongwe wapo wanafunzi ambao hadi leo husoma kwa bando za simu. Jambo hili linaniuma.

Kuchimba mtaro ni ghali, na hapa kuna mkono wa bahari katikati. Antena mbili zinazotazamana, moja juu ya ghorofa kisiwani na nyingine Likoni, huvusha data hewani kilomita kadhaa, mradi pasiwe na kizuizi kati yake. Kweli, meli kubwa za bandari ya Kilindini hupita papo hapo, kwa hiyo antena ziinuliwe vya kutosha. Chumvi nayo hula vyuma. Fedha za matengenezo zitengwe tangu mwanzo.

Naiomba serikali ya kaunti ifungulie kampuni zenye leseni paa za majengo yake, kwa sharti kwamba shule za umma za ng'ambo ziunganishwe kwanza.

Mkazi wa Mtongwe,
Mombasa