Vidonge ulivyoniagiza

Pangani, Nairobi
Jumatano usiku

Swahiba wangu,

Barua yako nimeipata. Kwamba mama amepata nafuu, nimefurahi sana. Lakini yale maneno ya mwisho, uliyoyabana chini ya ukurasa kana kwamba unaona haya, yamenikosesha raha: kwamba umeitazama filamu ya Limitless, mtihani uko karibu, na ungependa nikutafutie huku Nairobi vidonge vya kuamsha akili.

Jana nimeirudia filamu yenyewe kwa ajili yako. Ni tamu, sikatai. Ilitoka 2011, mwelekezi ni Neil Burger, na Bradley Cooper anaigiza Eddie, mwandishi wa New York aliyekwama: kitabu hakiandikiki, mpenzi amemwacha, kodi ya nyumba hajalipa. Anameza kidonge kimoja, na hapo angalia rangi. Picha iliyokuwa ya kijivu, ya baridi kama asubuhi ya Julai hapa kwetu, inageuka dhahabu. Papo hapo anamsaidia mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa akimfokea ngazini, na kazi yake ya masomo ya sheria. Naelewa kwa nini moyo wako uliruka. Wangu pia uliruka, mara ya kwanza.

Ila kuna kipande nadhani ulikipita haraka. Eddie anakutana na Melissa, aliyekuwa mkewe, ambaye aliwahi kuitumia dawa hiyo akaacha. Uso umemsawajika. Anamwambia kwamba sasa hawezi kutuliza akili kwenye jambo lolote zaidi ya dakika kumi. Dakika kumi, swahiba! Kwangu filamu nzima iko hapo. Ule mwisho wa Eddie kuvaa suti na kugombea useneta, mzima wa afya, siuamini hata kidogo.

Siuamini kwa sababu ambayo sijawahi kukueleza. Mwaka jana, kabla ya mtihani wa uhasibu, kijana mmoja aliniuzia vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Alisema ni Ritalin; pakiti sikuiona. Nikakesha usiku tatu mfululizo. Wa kwanza nilijiona mfalme, hesabu zilikuwa zikinyooka zenyewe. Wa tatu moyo ulidunda mpaka nikausikia kwenye mto. Asubuhi, ndani ya chumba cha mtihani, nilisoma swali la kwanza mara nne. Maneno yote nayajua: mali, madeni, mtaji. Hayakushikana. Nikaandika namba yangu ya mtihani, nikairudia juu ya ile ile, nikairudia tena, hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Baadaye daktari alinieleza kuwa Ritalin hupewa wenye tatizo la kutulia, kwa maagizo ya daktari, na kwamba kukesha si kuongeza akili. Usingizi ndio unaokipanga kichwani kile ulichosoma. Mimi nilikuwa natia maji kwenye pakacha. Na ile asilimia 20 ya ubongo anayotajiwa Eddie, eti ndiyo tu tunayoitumia, si kweli, tunautumia wote. Asilimia 20 ya kweli ni nyingine: ubongo una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, hata ukiwa umelala. Nami niliunyima chakula na usingizi pamoja.

Kwa hiyo vidonge sikununulii. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Basi la Ijumaa usiku litakuletea madaftari yangu matatu, yale niliyoyaandika niliporudia mtihani ule nikapita. Kurasa za mizania nimezikunja pembe, maana ndizo zilizonitoa jasho. Kayachukue Jumamosi asubuhi huko kwenu Mombasa, pale Mwembe Tayari. Jina lako nimeliandika kwa wino mwekundu. Jumapili jioni nitakupigia tufanye maswali mawili pamoja, lakini saa nne kamili nakata simu ukalale.

Nisalimie mama sana.

Ni mimi,
swahiba wako wa Pangani