Landrova yangu si chuma chakavu

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika kwamba magari ya zamani yabaki huko huko Ulaya, sisi si jalala. Ningemuunga mkono, ila nina Landrova 109, ile ndefu, ya mwaka 1979 uani kwangu hapa Igoma, Mwanza.

Marehemu baba alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha pamba. Msimu ukifika alikuwa akirudi kutoka Magu na Landrova kama hiyo, sisi watoto tunagombania benchi la nyuma. Nilipoacha biashara ya dagaa pale Mwaloni, nikamwomba mpwa wangu aliyeko Uingereza anitafutie moja. Hapa nilishatafuta nikachoka: bodi ni la Landrova, injini ya Toyota, gia boksi hata fundi hajui imetoka wapi.

Gari lilipofika Dar es Salaam nikaletewa hesabu. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, halafu asilimia 30 ya uchakavu kwa kuwa limezidi miaka 10, na VAT ya asilimia 18 ikapigwa juu ya jumla hiyo, uchakavu ukiwemo. Kodi ikaipita bei ya gari. Huko lilikotoka, gari likitimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Kwetu kila mwaka linaouishi ni deni.

Naelewa kodi hiyo inazuia vigari vilivyochoka visijae barabarani. Naelewa pia kwamba Kenya hawapokei kabisa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo heri yetu. Ninachoomba wabunge wetu wakifikirie ni kundi la pekee: gari la miaka 30 na zaidi, lisilobeba abiria wala mzigo wa biashara, lililokaguliwa breki na chesisi, yaani fremu ya chini inayolibeba, kabla ya kupanda meli, lisamehewe uchakavu.

Na ukaguzi huo uwe mkali kwelikweli, maana mimi niliuziwa kutu. Landrova za zamani bodi lake ni la alumini, kwa sababu zilianza kutengenezwa mwaka 1948, baada ya vita, chuma kikiwa adimu Uingereza. Bodi halishiki kutu. Chesisi ni ya chuma, na Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Kwenye picha za simu yangu ilionekana nyeusi inang'aa, kumbe muuzaji ameipaka kitu kama lami. Fundi wangu wa Nyakato akagonga kwa nyundo pale zinaposhikwa springi za nyuma, nyundo ikazama. Akanitazama, hakusema neno. Miezi mitatu ikaishia kwenye kukata na kuchomelea.

Halafu kuna spana. Mafundi wetu wamekulia kwenye magari ya Kijapani, kila kitu milimita. Nati nyingi za gari hili ni za inchi. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi kama vile ndiyo yake, lakini ukikaza inateleza na kula kona. Nati nne zimeshaharibiwa hivyo, mbili kwa mikono yangu mwenyewe, sitamlaumu mtu.

Bima kubwa nimenyimwa. Kampuni niliyoiendea ilisema gari ni zee mno, nikakata ile ndogo. Mafuta tusiyazungumze, mke wangu husoma gazeti hili.

Lakini Jumamosi moja mwaka jana nilivuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema, malori ya samaki yananipita huku yananipigia honi, na mzee mmoja wa Busisi akaja kushika madigadi ya mbele akaniuliza kama gari ni lile la misheni. Nikamwambia si lile. Hakuniamini.

Kama yupo msomaji wa Musoma au Bukoba mwenye seti ya spana za inchi asizozitumia, nitazinunua.

Mstaafu wa dagaa,
Igoma, Mwanza