Barua kwa binti yangu mnovisi, anayejiandaa kuwa sista, Majilio haya tunapongoja Krismasi

Mama'ngu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa kibarazani, mvua imeshika toka saa nane mchana, shamba la bondeni tulimaliza kupanda juzi na mbegu iliyobaki nimempa mama yako mdogo. Najua barua hii huenda ikapita kwanza kwa mlezi wenu, maana Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kile kitabu cha sheria za maisha yenu ya kitawa, sura ya 54 inasema mtawa asipokee barua hata ya wazazi wake bila ruhusa, kwa hiyo sista kama ndo unasoma hapa nakusalimu sana, soma tu mpaka mwisho, sina cha kuficha.

Ndiyo, Kanuni nimeisoma. Nilipotoka kukutembelea kwenye monasteri yenu ya Chipole nilipitia abasia ya Peramiho nikanunua kile kitabu, sura zote 73, nyingi fupi fupi, nasoma usiku mama yako akishalala. Kuna mambo nataka nikuambie na ana kwa ana nilishindwa, we mwenyewe uliona, nilikaa pale gesti nazungumzia bei ya mbolea tu.

Nianze na hili. Siku ulipoingia unovisi sikuja. Niliwaambia wote kwamba nina kazi ya mahindi ghalani. Haikuwa kweli mwanangu, mahindi nilikuwa nimeshayapanga wiki nzima kabla. Nilibaki nyumbani peke yangu nimekasirika, nilikuwa namwambia mama yako masista wamekuchukua, nimesomesha mpaka fomu siksi afu wanakuja kuchukua mtoto aliyeiva. Nilisema maneno mengi na mdogo wako aliyasikia, najua yatakuwa yalikufikia.

Sasa soma na mimi sura ya 58. Benedikto anasema anayekuja kutaka utawa asikubaliwe kirahisi, abishe hodi siku nne au tano avumilie, ndipo wamfungulie. Akishaingia, baada ya miezi 2 anasomewa Kanuni yote, anaambiwa hii ndiyo sheria unayotaka kuishi chini yake, ukiweza ingia, usipoweza ondoka u huru. Miezi 6 ikipita anasomewa tena. Miezi 4 mingine, mara ya tatu. Mwaka mzima mtu anaonyeshwa mlango uko wazi! Mi nilidhani wanavuta, kumbe wanasukuma nje kwa upole waone kama mtu anarudi. Nimesoma hapo nikafunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Kuhusu ile safari yenyewe, Jumapili ya pili ya Majilio, niseme ukweli nilikuja kukuchungulia. Nilitaka nikute umekonda, au umenuna, nipate sababu. Nikafika nimelowa, mvua ilininyeshea juu ya bodaboda njia nzima, viatu tope mpaka juu, na yule sista wa wageni akanipokea kama vile alikuwa ananisubiri mimi toka asubuhi. Akaniletea maji ya moto na beseni, akaondoka na viatu vyangu akarudi navyo vimefutwa. Nilijua ni ukarimu wa kawaida wa kwetu, lakini sura ya 53 inasema wageni wote wafikao wapokelewe kama Kristo mwenyewe, na huyo mgeni aliyekuja na kinyongo moyoni naye akapokelewa hivyohivyo.

Usiku ule ulinichoma kidogo. Mlipotoka Sala ya Mwisho, ile ya kabla ya kulala, nilikuona kwenye korido nikakuita, we ukainamisha kichwa ukatabasamu ukapita. Nilikosa usingizi, nikasema basi mtoto kanikasirikia na ana haki. Kumbe ni ule ukimya mkuu wa usiku, baada ya sala ile mtu haongei mpaka asubuhi. Mimi nimezaliwa karibu na Peramiho, kengele za abasia nimezisikia utoto wangu wote, na jambo hilo sikulijua.

Ila kilichonibadilisha ni asubuhi yake. Nilichelewa Masifu, sala yenu ya asubuhi. Kengele ililia bado giza, mvua inapiga bati, nikatafuta tochi, nikatafuta koti, nilipofika kanisani mmeshaanza. Nikasimama mlangoni naona aibu kuingia. Na mlikuwa mnasali zaburi pole pole mno, yaani pole pole mpaka nikadhani ni kwa sababu ya wale masista wazee pumzi haiwatoshi. Nikapata muda wa kutembea mpaka benchi la nyuma, nikakaa, nikajifuta uso, na zaburi bado haijaisha. Baadaye nikamuuliza sista mmoja mzee mbona mlianza taratibu hivyo, akanijibu, baba tunamsubiri mwenye miguu mizito.

Nikadhani ni msemo wake. Nenda sura ya 13 mama, na sura ya 43. Benedikto, mtu wa karne ya 6 huko Italia, aliandika kabisa kwamba zaburi ya kwanza ya asubuhi isaliwe kwa kuvuta kidogo ili wote wawahi kufika kwa ile inayofuata. Na kwa sala ya usiku hivyohivyo. Hakuacha adhabu, anayechelewa sana ana mahali pake pa kusimama peke yake, lakini kabla ya adhabu amemwekea zaburi nzima ya kumngoja. Miaka karibu 1500 watu wanapunguza mwendo wa sala kwa ajili ya mtu ambaye bado yuko njiani.

Mwanangu, huyo mtu ni mimi.

Toka siku ile naona Majilio kwa namna nyingine. Zamani kwangu ilikuwa rangi ya zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi kwenye Misa, mishumaa minne, mmoja wa pinki Jumapili ya tatu, afu Krismasi. Na huku kwetu Songea Majilio yanaangukia kwenye kupanda, akili ya mkulima yote iko juu mawinguni, kwa hiyo padre akisoma Isaya, dondokeni enyi mbingu toka juu, kila mtu kanisani anawaza shamba lake, na sioni ubaya, maana nabii mwenyewe alitumia mvua kumsema Mkombozi. Lakini nilidhani kusubiri ni kazi ya mtu mmoja mmoja na Mungu wake. Kwenu nimeona mnasubiriana. Mezani hakuna aliyegusa kijiko mpaka yule sista wa mkongojo alipofika na kukaa. Na wewe, mtoto wangu wa kwanza, uliyezoea kutangulia na kupanga wenzako, nimekuona kwenye mstari umesimama nyuma ya binti mdogo kwako kabisa, kwa sababu yeye aligonga mlango kabla yako (sura ya 63, umri hauhesabiwi), na uso wako ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona miaka mingi. Hapo ndipo nilipojua hukuchukuliwa.

Kuna kitu kingine kidogo, labda kwako ni cha kawaida. Nilipita nyuma ya bustani nikamkuta sista anaosha majembe, anayafuta, anayapanga ukutani moja moja. Mimi nimelima maisha yangu yote, sijawahi kuona jembe linashikwa vile. Kumbe sura ya 31 inasema vyombo vyote vya monasteri vitazamwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe kama kalisi, kikombe cha Misa! Nimerudi nyumbani nimeyaosha yangu yote, mama yako anashangaa. Na hapa mtaani bado wapo wanaouliza masista wanafanya nini zaidi ya kusali, nawajibu kwanza waulize umeme wa Tulila ni wa nani, megawati 5 za mto Ruvuma tangu 2015, ni wa masista wa Chipole. Najibu kwa sauti siku hizi. Mwaka jana ningenyamaza.

Halafu nikahesabu. Wamisionari walifika Peramiho 1898. Vita vya Maji Maji 1905 misheni ikachomwa, wakaanza upya. Shirika lenu la Mtakatifu Agnes limeanza 1938. Ni miaka 40 mpaka mabinti wa huku wakapata nyumba yao wenyewe ya kitawa chini ya Kanuni hii. Watu waliweza kungoja miaka 40, mimi nimehitaji miaka miwili na unovisi wako ndo niweze kuandika ukurasa huu, naomba uuhesabu nao.

Nakuomba msamaha mama'ngu. Kwa siku ile nisiyokuja, na kwa maneno ya nyumbani. Ukipata ruhusa nijibu, usipopata sitadhani umekasirika tena.

Kuanzia tarehe 17 jioni mtaanza zile antifona za Ee, vile viitikio vifupi vya kumwita Kristo, Ee Hekima, mpaka tarehe 23 Ee Emanueli. Yule sista mzee amenifundisha kwamba kwa Kilatini herufi za mwanzo ukizisoma kinyumenyume zinasema, kesho nitakuwapo. Nimeziandika kwenye karatasi nimebandika karibu na redio. Kila siku mkiwa kwenye Masifu ya jioni, mimi na mama yako na mdogo wako tutawasha mshumaa hapa kibarazani tusali hiyo moja ya siku, na wimbo wa Maria. Mama yako anataka tuanze saa kumi na mbili kamili, nimemwambia tuvute kidogo, mdogo wako anatoka mbali na anakuja kwa miguu.

Nimempa dereva wa basi ndoo mbili za maembe dodo na debe la unga. Sijaandika jina lako juu, nimeandika Chipole tu, Mama Mkuu atajua nani anahitaji. Moja wapo ya ndoo lakini ina maembe laini, niliyachagua mwenyewe, kama inawezekana afikishiwe sista wa mkongojo.

Siku ya nadhiri zako nitakuwepo. Nitalala Chipole usiku wa kuamkia siku hiyo kabisa ili nisichelewe.

Baba yako