Namba ya nyumba isomeke kutoka barabarani

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa moyoni. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na karakana yetu ina mashine ya CNC, ile unachora kwenye kompyuta afu ruta inachonga yenyewe. Wateja wa vibao vya namba za nyumba wapo wengi na nashukuru kazi ipo, ila vingi tunavyochonga vinapendeza kwenye picha ya WhatsApp tu, ukisimama barabarani saa mbili usiku husomi kitu.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Mama mkwe alizidiwa usiku, tukaita gari la wagonjwa, tukamwelekeza dereva mtaa na namba, akapita getini kwetu mara mbili bila kusimama mpaka nikatoka mbio na tochi ya simu. Na kibao nilikichonga mwenyewe, kwa mapenzi kabisa, 47 ya kulalia yenye mikia, mistari myembamba, maua pembeni, afu vanishi ileile juu ya kila kitu kwa hiyo namba na mbao vyote rangi moja. Mama anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, lakini kesho yake asubuhi nilikishusha.

Kipya nimekipa tarakimu za sentimita 12, wima, hazina mikia. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kule Marekani zinataka namba isipungue inchi 4 kwenda juu na mstari wake uwe na unene wa nusu inchi, yaani kama milimita 12 na kitu, na mimi naona ni kipimo kizuri hata huku kwetu. Hapo kwenye unene ndo vijana wengi wanakosea, wanapakua mchoro wanabonyeza mashine iende, hawaangalii biti, ile ncha ya mashine inayokata mbao. Biti ya V ya digrii 90 ikichonga mstari wa milimita 12 inazama 6, ukifunga ya digrii 60 mstari uleule unazama zaidi ya 10, sasa mbao yako ya milimita 20 umeshaila nusu na mfereji wenyewe mvua ikinyesha unatuamisha maji.

Rangi nayo ina mpangilio wake. Piga vanishi kwanza ikauke, bandika stika uso mzima, chonga ukipita juu ya stika, paka nyeupe ndani ya mifereji, ndo ubandue. Ukipaka kwenye mbao tupu rangi inatembea na nyuzi za mbao na kingo zinachafuka. Mbao tumia mninga mkavu, haupindi ovyo, emdiefu, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi, ziache kwa kazi za ndani maana zikilowa zinavimba.

Kuna wateja wananiambia namba toa weka jina la familia tu. Jamani, zile namba tulizopewa 2022 kwenye zoezi la anwani za makazi, kabla ya sensa, ndo anwani yako, kama kile kibati cha namba hukipendi badilisha kibao lakini namba ibaki ileile na iwe kubwa kuliko jina. Nakshi mimi naipenda sana, milango ya Zanzibar na Lamu ndo iliyonifanya nishike patasi, lakini mlango mtu anausogelea anautazama kwa nafasi yake, namba inatafutwa na mtu aliye mbali, gizani, na ana haraka.

Waliochongewa na mimi vibao vya mikia wavirudishe karakana, nitageuza mbao nichonge upya upande wa nyuma, hela ya ufundi sichukui.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam