Kadi mpya, skrini giza

Mhariri,

Hii ni ya mafundi wetu hapa Kisumu. Juzi niliweka kadi ya grafiki (ile ya kutoa picha kwa skrini) kwa kompyuta yangu ya mtumba, nikawasha, feni zikazunguka, ikalia bip bip alafu skrini giza totoro, fundi mmoja wa Kondele akaniambia ati madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa ninunue ingine, kumbe wapi! Sloti yenyewe ya madabodi, pale kadi huchomekwa, hutoa wati 75 pekee, kadi yangu inataka zaidi, na ile waya ya pini 8 kutoka kwa pawa saplai hakuna aliyeichomeka (hata mimi, nakubali). Kuichomeka tu, kadi ikawaka. Skrini bado nyeusi lakini, mpaka nikatoa kebo ya skrini kwa madabodi nikaihamishia kwa kadi. Na mia tano yangu ya kuangaliwa, fundi bado anayo.

Mcheza gemu,
Kisumu