Miguu Imefika Namugongo

Namugongo, Uganda
4 Juni

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu! Nakuandikia nikiwa nimekaa mkekani, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Tumefika Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda! Wote tuliotoka Busia kwa miguu nyuma ya msalaba wa parokia tumefika, hata yule nyanya wa jumuiya yetu uliyedhani angebebwa na gari njiani.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini tusipande basi, maana nauli ilikuwepo. Ngoja nikueleze njia ilivyokuwa.

Asubuhi ndiyo ngumu. Tunaamka giza bado, ili jua likipanda tuwe tumeenda. Malengelenge ya jana yameshikana na soksi, na hatua za kwanza kila mtu anachechemea akiwa amenyamaza. Ikianza rozari, miguu nayo inalegea. Halafu kuna malori. Barabara ile ndiyo yanayopitia makontena ya Kampala, na kila moja likikupita upepo wake unakuyumbisha na mzigo wako. Iganga tulinyeshewa mpaka leso zote zikalowa. Tulilala darasani, madawati tukayasogeza ukutani, na alfajiri tukavaa nguo mbichi tukaondoka.

Lakini watu, dada! Toka mashamba ya mpunga ya upande wa Bugiri, akina mama walikuwa wanatungoja kando ya barabara na mitungi ya maji na vikombe. Hawatujui, lugha hatuelewani, na hela hawataki. Karibu na Kakira, kwenye miwa ile isiyo na mwisho, mzee mmoja alitumenyea miwa akatukatia vipande, kila mtu chake. Alichoomba ni kimoja tu: tukifika, tumtaje binti yake, mgonjwa. Nikaandika jina lake nyuma ya karatasi ya nyimbo. Baada ya hapo wengi waliomba hivyo hivyo, na tulipovuka Naili pale Jinja karatasi ilikuwa imejaa, nikaanza nyingine. Ndani ya basi nani angenisimamisha anipe jina la mwanawe?

Msitu wa Mabira sitausahau. Ukitoka kwenye jua la Jinja ukaingia chini ya miti ile, mwili mzima unapoa. Nyani wamekaa pembeni wanatutazama, sauti za wanaume kwenye nyimbo zinarudi kutoka msituni. Pale Najjembe, sokoni kando ya barabara, tulinunua gonja, zile ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma kwenye kijiti, tukala tumesimama, maana tuliogopa tukikaa hatutainuka.

Jana asubuhi, sikukuu ya mashahidi yenyewe, watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja: Wakongo, Wanyarwanda, Watanzania, wengine wamelala nyasini usiku kucha. Misa ilikuwa pale kwenye bwawa. Baadaye niliingia basilika, yenye nguzo 22 kwa ajili ya mashahidi 22. Altare ipo mahali alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wao, tarehe 3 Juni 1886. Moto walimwashia kuanzia miguuni, taratibu. Kule njiani nilikuwa nimelia sana kwa ajili ya miguu yangu, na pale nililia tena, ila si kwa uchungu wangu. Kisha nikatoa karatasi zangu nikasoma majina yote kwa sauti ndogo, la binti wa yule mzee kwanza, na la mama yako.

Maji ya Namugongo nimekuchotea chupa moja. Nitampa mtu anayeshuka Mombasa mwezi huu.

Kama mwakani utakuja, nunua viatu sasa, vikuzidi kidogo, maana miguu inavimba. Uwe unavivaa kwenda sokoni na kanisani mpaka vikuzoee. Soksi za pamba, mafuta mazito ya kupaka katikati ya vidole, na mzigo usizidi ule unaoweza kubeba ukipanda ngazi za kwenu bila kupumzika. Leso ubebe mbili.

Wasalimie watoto na baba yao. Mama apate nafuu.

Dada yako katika Kristu