Njooni Muuone Udongo Kabla Hatujamimina Zege

Simu zinazoingia karakanani kwetu hapa Bagamoyo huwa zinafanana. Shule inatimiza miaka hamsini, au ukoo umekubaliana, au kijiji kinataka kumkumbuka mzee aliyetoa eneo la zahanati. Wanataka sanamu. Picha inatumwa kwa WhatsApp, moja tu, ile ya pasipoti, nayo imepigwa kwa simu ikiwa imelazwa juu ya meza. Kisha maswali mawili yanafuatana: bei gani, na itakuwa tayari lini?

Yote mawili tunayajibu. Ila kabla ya bei, sisi nasi tuna swali letu: ni nani kati yenu aliyemjua marehemu, na anaweza kuja lini? Wapo wanaoona kama tunawazungusha. Naomba nieleze kwa nini hatuanzi kazi bila jibu la swali hilo.

Miaka ya mwanzo tulipewa kazi ya sanamu ya mwalimu mmoja aliyeanzisha shule. Urefu mita mbili, ya zege, na tarehe ya mgeni rasmi ilikuwa imeshapangwa. Wakati huo tulikuwa tunapaka saruji moja kwa moja juu ya kiunzi cha nondo na wavu wa kuku, bila kutangulia na udongo. Tuliharakisha. Uso tuliutoa kwenye picha moja, na mwili tukautoa kichwani mwetu: mtu amesimama wima, kifua mbele, mikono ubavuni.

Siku ya kukabidhi, mjane wake akaletwa kuiona. Aliizunguka mara mbili bila kusema kitu. Halafu akasema taratibu, "Uso ni wake, wanangu. Lakini mume wangu hakusimama hivi." Akatuonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Bega la kushoto la yule mwalimu lilikuwa limeshuka, kwa sababu maisha yake yote ya kazi alibeba upande huo mkoba wa ngozi wenye madaftari ya wanafunzi. Na kichwa alikilaza kidogo upande wa kulia, maana sikio moja lilikuwa zito. Sisi tulikuwa tumewapa askari wa gwaride mwenye uso wa mwalimu, na zege lilishakauka. Sanamu ile ipo hadi leo. Kila nikipita barabara ile macho yangu huenda kwenye bega.

Hilo ndilo tatizo ninalotaka wateja wetu walielewe mapema. Sanamu ya mahali pa wazi haitazamwi kama picha ya sebuleni. Inatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, kutoka dirisha la daladala, jua likiwa nyuma yake. Kwa umbali huo uso hauonekani vizuri, kinachoonekana ni umbo. Wewe mwenyewe ukimwona baba yako anakuja jioni, giza limeshaingia, unamtambua kwa namna anavyotembea kabla hujauona uso.

Tazameni Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, makutano ya Samora na Maktaba. Mchongaji wake ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Ilisubiwa, yaani ilimiminwa kwa shaba iliyoyeyushwa, London na kuzinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo zamani ilisimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa koloni hili. Yule askari hana jina, anawakilisha Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ukipita pale huhitaji kumjua kwa sura. Ameinama mbele, bunduki mikononi, singe, kile kisu cha mdomo wa bunduki, imeelekea bandarini, na uzito wote uko kwenye mguu wa mbele. Mwili peke yake umemaliza maelezo. Ukifika, usiondoke bila kuzunguka kitako chake, ile nguzo pana inayoibeba sanamu, na kutazama picha zilizochongwa ubavuni, maana wapagazi wa vita vile nao wamo.

Kazi huwa ngumu zaidi pale mtu anapokuwa na jina na picha zake ni chache. Picha ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau wa Kenya, inayojulikana kuliko zote ni ile aliyopigwa baada ya kukamatwa Oktoba 1956, amelala, pingu mikononi. Kutoka kwenye kumbukumbu kama hiyo, utamsimamishaje mtu huyo katikati ya Nairobi? Kevin Oduor alimsimamisha. Sanamu yake ya shaba ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe: nywele za rasta, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Mimi nikiwa Nairobi lazima nipite Mtaa wa Kimathi, nisimame kidogo, nitazame alivyokanyaga.

Na picha zikiwa nyingi nazo hazitoshi. Mwaka 2017 uwanja wa ndege wa Madeira, Ureno, ulizindua sanamu ya kichwa cha Cristiano Ronaldo. Mchongaji, Emanuel Santos, alifanya kazi kwa picha alizozipata intaneti. Dunia nzima ilicheka, na mwaka uliofuata ikawekwa nyingine. Sikucheka, kwa sababu najua picha inavyodanganya. Simu ikipiga uso kwa karibu hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Picha ya mbele haikuambii pua imetokeza kiasi gani wala kisogo kikoje, na sisi tunachonga pande zote.

Ndiyo maana sasa kila kazi inapita kwenye udongo. Tunaanza na mfano mdogo wa kama sentimita 40, ambao tunaubadilisha mara nyingi tuwezavyo. Mkiukubali, tunachomelea kiunzi cha nondo kwa ukubwa kamili na kukijaza udongo wa mfinyanzi, kilo mia kadhaa. Udongo tunaufunika kwa magunia mabichi na nailoni usikauke ukapasuka. Katika hatua hii bega linashushwa kwa kiganja cha mkono, kwa dakika kumi. Tukishatengeneza kalibu, yaani ganda la kumiminia lenye alama ya umbo, na kumimina, bega hilohilo ni tindo, nyundo, msasa na machozi.

Siku ya udongo ndiyo siku tunayowahitaji, tena si mwenyekiti wa kamati peke yake. Mleteni kinyozi wake, ndiye aliyeshika kichwa chake kila wiki mbili na anakijua kisogo kuliko watoto wake. Mleteni fundi cherehani aliyemshonea suti. Leteni viatu vyake kama bado vipo: soli iliyolika upande inatuambia alikanyaga vipi. Leteni miwani, kofia, fimbo, na shati alilolipenda, hata kama limechakaa. Picha za harusi na misiba ya watu wengine zinatusaidia sana, kwa kuwa humo mtu amepigwa kwa ubavu bila kujua.

Jambo la pili ni urefu wa kitako. Sanamu ikiwekwa juu, anayetazama kutoka chini huona miguu mirefu na kichwa kidogo. Michelangelo, mchongaji wa Italia wa zamani, aliichonga sanamu yake ya David, yenye urefu wa zaidi ya mita 5, ikiwa na kichwa na mkono wa kulia vilivyozidi kipimo. Sisi tunaupandisha udongo juu ya jukwaa la urefu uleule wa kitako, tunashuka chini kutazama, ndipo tunarekebisha. Kwa hiyo mkibadilisha kitako baada ya hapo, sura nayo inabadilika. Tuambieni mapema. Nendeni Mkunazini, Zanzibar, mkaone ukumbusho wa watumwa wa mwaka 1998, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Watu watano wamewekwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hakuna kitako kabisa. Mtazamaji yuko juu, wao wako chini, na uchungu wa mahali pale sehemu kubwa unatokana na hapo unapolazimika kuinamisha shingo yako kuwaona.

Sanamu za Mkunazini ni za zege, kwa hiyo msione zege ni kitu cha kujishikiza tu mkisubiri shaba. Zege zuri linadumu, lakini hapa pwani adui yake ni chumvi. Mchanga wa baharini hatuugusi. Nondo ikipata kutu inavimba, na ikivimba inapasua zege kutoka ndani, ndiyo zile sanamu mnazoziona vidole vimedondoka na chuma kinachungulia. Dawa yake ni kuipa nondo unene wa kutosha wa zege juu yake, na kulimwagia zege maji siku 7 bila kukosa. Nguvu yake tunaihesabu siku ya 28. Mkituomba tukabidhi siku ya 10 kwa sababu mgeni rasmi amepatikana, tutakataa kwa heshima.

Shaba ni safari nyingine. Kutoka kwenye kalibu tunapata umbo la nta lenye unene wa milimita 5 hivi, tunalizungushia tabaka la kuhimili moto, tunaiyeyusha nta itoke, na mahali pake inaingia shaba iliyochanganywa na bati, ikiwa na joto la nyuzi kama 1,100. Sanamu ya mtu mzima husubiwa vipandevipande, kisha huunganishwa kwa kuchomelea na kusuguliwa hadi viungo visionekane. Rangi yake ya kahawia au kijani inatokana na dawa na moto, si ya kopo. Mwisho inapakwa nta, na nta hiyo lazima irudiwe. Kwa walio karibu na bahari tunashauri kila mwaka, baada ya kuiosha kwa maji yasiyo na chumvi.

Kuhusu bei, wengi hushangaa kwamba sanamu ya mita 2 haigharimu mara mbili ya sanamu ya mita 1. Urefu ukiongezeka mara mbili, eneo la kuchonga na kusugua linakuwa mara nne, na kama umbo limejaa ndani, uzito unakuwa mara nane. Ndiyo maana mara nyingine tunawashauri mpunguze urefu, na fedha iliyobaki iende kwenye msingi na kitako.

Malipo ya kwanza kwetu yanahusu mfano mdogo na udongo tu. Mkifika siku ya udongo mkaona si yeye, tunaendelea kurekebisha bila nyongeza, na hatumimini mpaka wale waliomjua waseme. Tunaufunua saa mbili asubuhi, kwa sababu jua likiwa bado chini kila kosa la uso linatupa kivuli.

Mwezi uliopita familia moja ilimleta fundi cherehani wa mzee wao. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, anatazama mgongo wa sanamu tu. Mwishowe akainuka, akatoa utepe wa kupimia mfukoni, akaupitisha juu ya mabega ya udongo kama alivyozoea kwa mwenyewe, akasoma inchi. "Mzidishieni nusu huku kulia," akasema. Nikachukua donge, nikazidisha.